Demio ya dizeli au ya petroli: unanunua kasi ipi, na kwa mafuta kiasi gani

Kwenye yadi za magari za Barabara ya Ngong, Nairobi, Mazda Demio haikosekani. Ni ile ya kizazi cha nne, iliyotoka Japani mwaka 2014 na kutwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini humo kwa msimu wa 2014-2015. Tangu 2019 Wajapani wenyewe huiita Mazda2. Mara nyingi utazikuta mbili zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, rangi moja, milango mitano, viti vile vile. Moja ni ya petroli, injini ya cc 1,298. Nyingine ni ya dizeli, cc 1,498. Mnunuzi huuliza maswali mawili ambayo muuzaji keshayazoea: inakimbia? Inakunywa mafuta kiasi gani? Muuzaji hujibu kwamba ya dizeli ina yote mawili, nguvu na ubahili. Jibu hilo ni la kweli kwa mtu mmoja na ni hasara kwa mwingine, na kinachowatenganisha watu hao ni barabara wanayopita kila siku.

Tuanze na kasi, maana ndiko wengi wanakopotoshwa na namba. Ulaya, Mazda2 ya dizeli yenye nguvu za farasi 105 na gia za mkono iliandikiwa sekunde 10.1 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Ya petroli ya lita 1.5, yenye farasi 90 tu, iliandikiwa sekunde 9.4. Kasi ya mwisho nayo ni vivyo hivyo: 178 kwa ya dizeli, 183 kwa ya petroli. Anayesoma karatasi hiyo atasema ya dizeli ni nzito na imelala. Lakini ni nani hapa kwetu anayetoka kusimama hadi 100 huku amekanyaga mpaka chini? Mwendo tunaouhitaji ni wa kutoka 60 hadi 100, gari lina watu watano na mizigo, lori la kontena liko mbele, barabara inapanda, na nafasi ya kulipita ni fupi. Mwendo huo haumo kwenye karatasi ile, na ndio unaoamua kama utafika salama.

Sasa tazama Demio zilizotufikia kutoka Japani. Ya dizeli ya gia otomatiki hutoa nguvu ya kuvuta ya nyutonimita 250, injini ikizunguka mara 1,500 hadi 2,500 tu kwa dakika. Ya petroli ya cc 1,298 hutoa 121, tena mpaka ifike mizunguko 4,000. Zidisha mwenyewe: 250 mara 2,000 ni karibu sawa na 121 mara 4,000. Yaani kazi ambayo injini ya dizeli huifanya kwa mizunguko 2,000, ile ya petroli lazima ipige 4,000 ndipo iifikie. Utaisikia tofauti kabla ya kuiona. Ukiikanyaga ya petroli mlimani, gia hushuka, injini hupiga kelele, na mwendo huja baadaye. Ya dizeli hushuka gia moja, pengine isishuke kabisa, na gari linaondoka.

Mwinuko wa nchi huipanua tofauti hiyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Eldoret inapopita Timboroa imeshavuka mita 2,500. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa imekuwa nyepesi. Farasi 92 ulizonunua kwenye karatasi huwa kama 76 ukiwa Nairobi, na Timboroa hazifiki 70. Tabo ya dizeli huisukuma hewa kwa nguvu hadi ndani ya injini, hivyo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Mkazi wa Nakuru, Eldoret, Iringa au Mbeya ataona faida hii kila safari. Mkazi wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam asiilipie, kwani usawa wa bahari injini ya petroli hupumua vizuri tu.

Kasi ya mwisho, kwa upande mwingine, ni kitu ghali kisichorudisha fedha. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: gari likitoka 90 hadi 110, hewa hulizuia karibu mara moja na nusu ya awali. Kwenye kipande cha kilomita 100 kilicho wazi, 90 itakuchukua dakika 67 na 110 itakuchukua 55. Umeokoa dakika 12 iwapo barabara ilikuwa yako peke yako, jambo ambalo kati ya Nairobi na Mombasa halitokei. Katika kilomita zile zinazokaribia 480, wastani wako unaamuliwa na malori, matuta na miji yenye kikomo cha 50. Mwenye injini inayovuta hupita lori moja baada ya jingine bila kuzidi 100, akarudi taratibu kwenye 90. Mwenye injini isiyovuta hukaa nyuma ya lori dakika kumi, kisha njia ikifunguka hukimbiza hadi 120 kufidia, na mafuta yanamwagika hapo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha ununuzi huu. Nguvu ya kuvuta na ubahili wa mafuta havigombani kwenye gari hili. Kinachogombana na ubahili ni kukimbiza.

Tuje kwenye fedha. Kipimo cha maabara cha Japani kiliipa Demio ya dizeli ya otomatiki kilomita 26.4 kwa lita, na ya petroli ya otomatiki 24.6. Sahau namba zote mbili. Zilipimwa bila mlima, bila mzigo na bila foleni ya Barabara ya Jogoo. Kwa hesabu ya nyumbani, tuchukue 18 kwa 14 kwenye safari ndefu, na 14 kwa 12 mjini. Tuchukue pia bei za Nairobi za mwanzoni mwa 2025 zilizotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya: petroli shilingi 176.58, dizeli 167.06. Safarini, kila kilomita itakugharimu shilingi 9.28 kwa dizeli na 12.61 kwa petroli. Mjini ni 11.93 kwa 14.72.

Anayeendesha kilomita 20,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za safari, ataokoa takriban shilingi 66,600 kila mwaka. Anayeendesha 8,000 za mjini ataokoa kama 22,300. Chukua sasa tofauti ya bei ya kununua. Tuseme yadi inataka shilingi 150,000 zaidi kwa ya dizeli. Msafiri atazirudisha kwa miaka miwili na robo. Mtu wa mjini atahitaji karibu miaka saba, na hapo hatujagusa gereji hata mara moja.

Tofauti hiyo ya bei haikuzaliwa yadini. Japani kwenyewe, gari likiwa jipya, ya dizeli ilizidi ya petroli kwa takriban yen 300,000. Mamlaka ya Mapato ya Kenya huanzia kwenye bei ya gari jipya kisha hupunguza kwa umri, kwa hiyo pengo lile la mwanzo hukufuata hadi bandarini Mombasa. Afadhali cc 1,498 ziko chini ya mstari wa 1,500, ambapo ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 badala ya 25. Demio zote mbili zinanufaika na hilo. Kumbuka pia kwamba Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo zile za mwanzo za 2014 na 2015 sasa utazipata mkononi mwa Mkenya mwenzako tu, zikiwa na historia ya hapa hapa.

Kwa Tanzania hesabu inahitaji kufanywa upya, maana bei zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati ya huko, hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na dizeli haina ahadi ya kuwa nafuu. Mwishoni mwa 2022 dizeli ilipanda juu ya petroli Dar es Salaam. Hata bei zikilingana kabisa, dizeli bado huokoa zaidi ya tano moja ya gharama ya mafuta safarini, kwa sababu inakwenda mbali zaidi kwa kila lita. Inachopoteza ni ile nyongeza iliyozoeleka ya kuwa lita yenyewe ni rahisi.

Mpaka hapa dizeli inashinda kwa msafiri na kuyumba kwa mtu wa mjini. Lakini kuna jambo moja ambalo wauzaji hulipita haraka, nalo ndilo hasa linaloamua: masizi.

Dizeli ikiungua huacha masizi. Sehemu ya moshi hurudishwa kwenye njia ya hewa ili kupunguza gesi chafu, na humo masizi hushikana na mvuke wa oili, yakaganda kwenye manifoldi kama lami. Sehemu nyingine hunaswa na chujio lililo kwenye eksozi, ambalo mafundi wote huliita DPF. Chujio hilo halitupwi kila wakati likijaa. Gari hulisafisha lenyewe kwa kunyunyiza dizeli ya ziada na kulipasha moto hadi masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji injini iliyopata joto na mwendo usiokatika, robo saa au zaidi. Kwenye barabara ya Naivasha itafanyika bila wewe kujua. Kwa mtu anayetoka Buruburu kwenda mjini asubuhi na kurudi jioni kwenye foleni, inaanza, inakatishwa, inaanza tena, inakatishwa tena.

Kila ikikatishwa, dizeli ile ya ziada ambayo haikuungua huteremka kando ya pistoni na kuchanganyika na oili. Hapo ndipo hutokea jambo linalomshangaza mwenye gari aliyezoea petroli: oili inaongezeka badala ya kupungua. Chomoa kijiti cha kupimia. Juu ya alama ya kujaa kuna alama nyingine, X. Oili ikikaribia X, si kwamba fundi alimimina nyingi. Ni dizeli imejaa humo, oili imekuwa nyepesi, na vyuma vya injini vinasuguana bila kinga. Imwage yote siku hiyo hiyo, usisubiri kilomita za servisi. Wenye Demio za dizeli za mjini wakifupisha muda wa kubadilisha oili, wakatumia ile iliyotengenezwa kwa magari yenye DPF, wanarefusha maisha ya injini. Ni gharama, lakini iandike kwenye hesabu yako kabla ya kununua.

Mtu asikudanganye kwamba dawa ni kulikata chujio na kulitupa. Wapo mafundi watakaokufanyia hivyo kwa bei ya chini ya ile ya kulisafisha, na gari litaondoka kwa wepesi. Masizi yale yote yatatoka nyuma yako, kwenye kimo cha pua ya mtoto anayevuka kwenda shule. Nashikilia kwamba mtu asiyeweza kulitunza chujio asinunue gari lenye chujio. Ya petroli ipo.

Mazda yenyewe ilikutana na matatizo ya injini zake za dizeli. Novemba 2018 ilitangaza kuyaita magari yapatayo 640,000 duniani ili springi za vali zishughulikiwe. Ukipata namba ya chasisi kabla ya kulipa, iingize kwenye tovuti ya Mazda Japani. Itakuonyesha kama gari hilo lina marekebisho yaliyoagizwa na kama yalifanywa.

Mafuta nayo yana usemi. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekuwa na kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, na bila hatua hiyo chujio la DPF lisingedumu hapa. Tatizo lililobaki ni uchakachuaji. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya kuyachanganya na dizeli, na Tanzania huweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachanganyaji. Mafuta ya taa hayana ule utelezi wa dizeli, na pampu ya injini hizi za kisasa husukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno huku ikilainishwa na mafuta hayo hayo. Injini ya lori la zamani iliweza kuvumilia. Hii haivumilii. Jaza kwenye kituo kimoja unachokiamini, chenye magari mengi, na utunze risiti. Jambo la kheri ni kwamba Demio haihitaji kimiminika cha yurea cha kusafisha moshi. Hakuna tangi la pili la kujaza.

Sasa ukiwa yadini na pochi mkononi. Usivutiwe kwanza na mileji ndogo. Kwenye gari la petroli, kilomita 40,000 ni neema. Kwenye la dizeli, kilomita 40,000 zilizokusanywa kwa safari za dukani mjini Osaka zinaweza kuwa zimejaza masizi kuliko 90,000 za barabara kuu. Ukaguzi unaofanywa Japani kabla ya gari kupakiwa melini haufungui manifoldi. Wewe ingiza kidole ndani ya mdomo wa eksozi na uzungushe. Chujio likiwa zima, kidole kitatoka kikavu, pengine na vumbi la kijivu. Kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au limeshatolewa, na hapo ama bei ishuke sana ama uondoke. Kisha vuta kijiti cha oili, kiangalie na ukinuse. Harufu ya dizeli utaijua. Omba injini iwashwe ikiwa ya baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto kabla hujafika. Endesha hadi mahali penye mlima, uikanyage kutoka 50: mvuto uje mfululizo. Ukikatika katikati, au taa ya injini ikiwaka, mara nyingi ni kihisi cha hewa kilichozibwa na masizi. Kukisafisha si kazi kubwa, lakini kinakuambia hali ya manifoldi nzima.

Na kama siku zako zote ni za mjini, usiishie kwenye Demio mbili hizi. Toyota Aqua, mseto wa petroli na umeme, hufanya vizuri hasa pale dizeli inapoumia. Kwenye foleni mota ya umeme huivuta, na kila ukishika breki sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri. Hofu yake ni hilo betri, ambalo lazima lipimwe na fundi wa magari mseto kabla ya kulipa. Vitz ya lita moja, farasi 69, ni ya mtu anayetaka spea kila kona na fundi yeyote aijue. Lakini ipandishe mlima wa Kitonga na watu watano uone inavyohema.

Kwa anayesafiri kila wiki kati ya Nairobi na Nakuru, Eldoret, Kisumu au Mombasa, ningechukua ya dizeli bila kusita. Si kwa sababu ya shilingi peke yake. Ni kwa ajili ya ule wepesi wa kulipita lori na kurudi upande wako mapema. Kwa anayekaa mjini na kusafiri Krismasi na Pasaka tu, ya petroli, na zile 150,000 azitumie kwa matairi mapya, bima kubwa na akiba.

Aliye katikati, mwenye kama kilomita 12,000 kwa mwaka, nusu mjini nusu safari, aamuliwe na bei ya yadi. Kwa mchanganyiko huo, tukikadiria kilomita 16 kwa lita ya dizeli na 13 kwa ya petroli, anaokoa shilingi 3.14 kila kilomita. Pengo likiwa 150,000, atahitaji kilomita 48,000 hivi, miaka minne, kabla hajaanza kula faida. Likishuka hadi 80,000, ni kama 25,500, miaka miwili na kidogo. Afanye bidii kwenye kupatana bei, na kama muuzaji hashushi pengo hilo chini ya laki moja kwa gari ambalo kidole kimeshathibitisha kuwa ni safi, achukue ile ya petroli iliyoegeshwa pembeni yake.